Titi likiondolewa Nyanda za Juu Kusini, kwa nini kulijenga upya ni safari ya Dar es Salaam?

Kila Oktoba fulana za pinki hujaa mitaani, kuanzia Kabwe jijini Mbeya hadi Kihesa kule Iringa. Akina mama huhimizwa kujipapasa matiti, kuwahi hospitali wakihisi uvimbe, na kutoogopa majibu. Huo ni ujumbe wa kurudiwa kila mwaka, maana bado wapo wasioupata. Ila miaka ya karibuni, maandamano yakishapita, yanabaki maswali ambayo vipeperushi vya Oktoba havigusi. Dada yangu aliondolewa titi, je, linaweza kurudishwa? Hiyo si ile operesheni ya kuongeza shepu? Mbona mama mmoja alifanyiwa Dar na mwingine aliyetibiwa Mbeya hakuambiwa chochote?

Mkanganyiko ulikua zaidi Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza kutangaza huduma za upasuaji rekebishi na urembo. Redioni na kwenye simu habari zilizosambaa zilikuwa za kupunguza matumbo na kurekebisha maumbo. Mwanamke aliyepoteza titi kwa saratani akatiwa kwenye kapu moja na anayetaka kubadilisha umbo kwa hiari yake. Kwa kuwa wengi wetu tuna maoni makali kuhusu jambo la pili, la kwanza limehukumiwa kabla halijaeleweka.

Basi tuanze na maana.

Kuondolewa titi, ambako madaktari huita mastektomi, ni upasuaji wa kutoa titi zima, mara nyingi pamoja na baadhi ya tezi za kwapani, ili kuitoa saratani mwilini. Kujengewa titi upya ni upasuaji mwingine, wa kutengeneza umbo la titi mahali pale palipobaki kovu. Unaweza kufanyika siku ile ile, mgonjwa akiwa bado usingizini, au ukafanyika miezi na hata miaka baadaye. Kazi hiyo iko katika fani ya upasuaji rekebishi, fani ile ile inayotibu makovu ya moto, watoto waliozaliwa na mdomo sungura na miguu iliyochunika katika ajali za bodaboda. Wazo lake ni kurudisha kilichopotea kwa ugonjwa au ajali.

Pia ni vema kujua mapema kisichorudi. Titi lililojengwa halitoi maziwa. Kwa kawaida halina hisia kama za mwanzo, na sehemu yake kubwa hubaki na ganzi. Chuchu ikitengenezwa ni umbo tu, na weusi unaoizunguka mara nyingi huchorwa kwa wino kama tatuu. Mwanamke anayeingia thieta akitarajia titi lake la zamani atatoka na huzuni ya pili. Anayejua kwamba anapata umbo linalokaa vizuri ndani ya sidiria na gauni ana nafasi kubwa ya kuridhika.

Njia mbili, na kwa nini zinatofautiana sana

Njia ya kwanza ni kuweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mara nyingi ngozi iliyobaki haitoshi kuufunika, kwa hiyo daktari huanza na mfuko wa muda ambao hujazwa maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, mpaka ngozi itanuke. Kisha hufanyika upasuaji mwingine wa kuutoa huo na kuweka wa kudumu. Neno «wa kudumu» lisikudanganye: mifuko hii si ya maisha yote, na wanawake wengi huhitaji kubadilishiwa miaka ya mbele. Upasuaji wenyewe ni mfupi ukilinganisha na ule wa njia ya pili, lakini unadai kurudi kliniki mara nyingi. Kwa mkazi wa Upanga, kurudi kliniki ni asubuhi moja. Kwa mkazi wa Ludewa au Mbozi ni nauli, malazi na siku za shamba zilizopotea, na hesabu hiyo inajirudia kila sindano.

Njia ya pili hutumia nyama ya mwili wa mwanamke mwenyewe. Daktari huchukua ngozi, mafuta na wakati mwingine msuli kutoka mgongoni au tumboni, akavileta kifuani. Ugumu wake atauelewa haraka mtu yeyote wa Njombe au Rungwe aliyewahi kuhamisha mche wa parachichi. Mche hauhami peke yake. Unauchukua na udongo wake na mizizi yake, na mizizi ikikauka njiani umepoteza mche. Mizizi ya kipande cha nyama ni mishipa ya damu. Kipande cha mgongoni kinaweza kuzungushwa hadi kifuani kikiwa bado kimeshikwa na mishipa yake ya asili, kwa hiyo damu haikatiki. Kile cha tumboni, kwa mbinu inayosifiwa zaidi leo, hukatwa kabisa, kisha mishipa yake yenye upana wa milimita chache tu huungwa na mishipa ya kifuani kwa uzi mwembamba kuliko unywele, daktari akitazama kwa hadubini. Operesheni hiyo hula saa sita, nane, wakati mwingine zaidi. Baada yake wauguzi hukiangalia kipande kila saa, usiku na mchana, kuona kama kina rangi na joto, kwa sababu damu ikiganda ndani ya mishipa mgonjwa anatakiwa kurudi thieta usiku huo huo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayojibu swali la mikoa. Njia hizi mbili hazihitaji hospitali za aina moja. Ya hadubini inataka madaktari zaidi ya mmoja waliobobea, mtaalamu wa usingizi wa kukaa naye kutwa, chumba cha uangalizi maalumu, damu ya akiba na umeme usioyumba. Ya kipande cha mgongoni haina haja ya hadubini. Anayesema «kujenga titi» kana kwamba ni huduma moja inayopatikana au isiyopatikana anakosa nusu ya habari.

Iko pia njia ya tatu, ambayo wengi hawaihesabu: kutojenga. Kifua hufungwa kikiwa bapa, kovu likalazwa vizuri, mwanamke akaendelea na maisha. Huu nao ni uamuzi kamili. Wapo wanaouchagua wakiwa na pesa na daktari mlangoni, kwa sababu hawataki kisu kingine. Uamuzi huo unatofautiana sana na hali ya yule ambaye hakuwahi kuulizwa.

Hofu zinazozunguka

Hofu kubwa ninayoisikia ni kwamba kisu huichokoza saratani, kwamba ukishafunguliwa na hewa ikaingia ugonjwa unasambaa mwili mzima. Chanzo chake kinaeleweka. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 8 kati ya 10 wanaogundulika na saratani ya matiti Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mtu anapopasuliwa akiwa katika hatua hiyo, na baada ya miezi saratani ikaonekana kwenye mapafu au mifupa, ndugu hukumbuka kisu. Saratani ilikuwa imeshasafiri kabla ya daktari kushika kisu. Hewa haina uwezo wa kuieneza.

Hofu ya pili inahusu ujenzi wenyewe: eti titi jipya huifanya saratani irudi, au huificha isionekane. Hii ina ukoo mrefu, na ilianzia kwa madaktari wenyewe. William Halsted, daktari wa Marekani aliyeeneza upasuaji mpana wa kuondoa titi mwishoni mwa karne ya 19, alipinga kufunika jeraha kwa nyama ya sehemu nyingine, akiamini hilo lingevuruga tiba. Kwa heshima aliyokuwa nayo, msimamo wake ulitawala kwa miongo mingi. Mwitaliano Iginio Tansini alishaeleza mbinu ya kutumia kipande cha mgongoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mbinu hiyo ikasahaulika hadi miaka ya 1970. Tangu hapo wanawake wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na imeonekana kwamba kujengewa titi hakuongezi uwezekano wa saratani kurudi wala hakuzuii kuigundua ikirudi. Mwanamke bado anatakiwa kuhudhuria kliniki na kuchunguza kovu lake na kwapa zake, amejengewa au hakujengewa.

Hofu ya tatu ni ya muda, kwamba usipojengewa siku ya kuondolewa titi mlango umefungwa. Haujafungwa. Tena kwa mgonjwa atakayepigwa mionzi, mara nyingi kusubiri ndiyo busara. Mionzi hukaza ngozi, na mfuko wa silikoni uliowekwa mahali palipopigwa mionzi una hatari kubwa zaidi ya kuzungukwa na kovu gumu linalouma na kuharibu umbo. Kwa hiyo madaktari wengi hungoja mionzi iishe, ngozi itulie kwa angalau miezi sita, ndipo wazungumzie ujenzi, na wakati huo huelekea zaidi kwenye nyama ya mwili wenyewe.

Picha ya mambo kwenda haraka tumeipata kwa kiasi fulani kutoka kwa Angelina Jolie, mwigizaji wa Marekani, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili na kujengewa ndani ya miezi michache. Yeye hakuwa na saratani. Alirithi kasoro ya kijeni iliyomweka katika hatari kubwa, akachagua kujikinga. Hali yake haifanani na ya mama anayeanza dawa za kemo akiwa na kidonda kilichopasuka.

Hata penye pesa mikoa hailingani

Tukiliangalia jambo hili tukiwa Mbeya, jibu rahisi ni kusema «sisi ni maskini» na kumaliza mazungumzo. Jibu hilo halijatosha, na Uingereza inaonyesha kwa nini.

Kule mgonjwa halipi chochote kwa upasuaji huu katika hospitali za umma. Miongozo yao ya kitaifa inataka kila mwanamke anayeshauriwa kuondolewa titi aelezwe habari za kujengewa hapo hapo, isipokuwa ana ugonjwa mwingine unaozuia. Hata hivyo, ukaguzi wa kitaifa uliochapishwa kati ya 2008 na 2011 ulikuta kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano ndiye aliyejengewa siku ya kuondolewa titi, na kwamba kanda moja na nyingine zilipishana sana: kanda zilizojenga zaidi zilizizidi zilizojenga kidogo kwa zaidi ya mara tatu. Nchi ni moja, na bei ni ile ile ya bure. Ugonjwa pia hauwezi kuwa ulipishana mara tatu kati ya mji na mji. Kilichopishana ni kama hospitali ina daktari wa upasuaji rekebishi ndani ya jengo au mgonjwa apelekwe mji mwingine, ni mazoea ya madaktari wa pale, na ni nani aliyeonekana anafaa kuambiwa. Wanawake wenye umri mkubwa na wale wa maeneo ya hali duni walijengewa kwa uchache zaidi.

Marekani walijaribu sheria. Tangu mwaka 1998 bima inayolipia kuondolewa titi hulazimika kulipia pia kulijenga upya, na kurekebisha titi la pili ili yalingane. Idadi ya waliojengewa ikapanda. Lakini anayeishi mbali na madaktari wa fani hiyo, hasa vijijini, bado hupata kwa uchache kuliko wa mjini. Australia, nchi ya masafa marefu, ina kisa hicho hicho.

Nchi zote tatu zinaonyesha kwamba umbali unajitegemea kama kikwazo. Pesa hupunguza makali yake lakini haziufuti. Somo hilo linatuhusu, kwa sababu kuna siku Tanzania itazungumza kwa undani kilichomo katika vifurushi vya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Kuandika «ujenzi wa titi» kwenye orodha ya huduma zinazolipiwa itakuwa hatua nzuri. Haitamsaidia mama wa Mpanda kama huduma yenyewe inapatikana pwani tu.

Nyanda za Juu Kusini, kiungo kwa kiungo

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya huhudumia mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Kwa sensa ya mwaka 2022 mikoa hiyo ina watu zaidi ya milioni 10. Chini yake ziko hospitali za rufaa za mikoa, za wilaya, na hospitali za misheni ambazo watu wa huku wamezitegemea kwa vizazi: Ikonda kule Makete, Tosamaganga nje ya Iringa, Ilembula, Peramiho. Kuondoa titi ni upasuaji ambao daktari bingwa wa upasuaji wa jumla anaufanya. Kwa hiyo kuondolewa titi karibu na nyumbani kunawezekana. Kulijenga upya kunahitaji fani nyingine, na mabingwa wa upasuaji rekebishi Tanzania ni wachache sana, wengi wao wakiwa Dar es Salaam.

Watu wengi huishia hapo, wakidhani uhaba wa mabingwa ndio kikwazo chenyewe. Kwa maoni yangu ni kiungo cha mwisho tu katika mnyororo ulioanza kukatika mbali zaidi.

Kiungo cha kwanza ni kuchelewa. Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Uvimbe mdogo usiouma hauonekani kuwa ugonjwa. Mama hupitia zahanati, huenda akapewa dawa za jipu, akajaribu mitishamba, akangoja mavuno yauzwe. Ikifika siku ya kukatwa kinyama cha kupima, uvimbe umeshika ngozi. Kwa mgonjwa wa namna hii kazi ya kwanza ya kila mtu ni kuokoa maisha, na ujenzi husogezwa mbele, mara nyingi kwa haki kabisa.

Kiungo cha pili hakizungumzwi vya kutosha: mionzi. Mwanamke aliyewahi hospitali anaweza asihitaji kuondolewa titi zima. Daktari anaweza kutoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, akaliacha titi. Kwa wanaofaa tiba hiyo, uhai hauwi mfupi kuliko wa walioondolewa titi lote, na hilo limethibitishwa kwa majaribio yaliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 20. Sharti lake ni kwamba titi lililobaki kwa kawaida lipigwe mionzi, na mionzi hiyo hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo iliyokuwa na mashine hizo peke yake nchini. Baadaye Bugando ya Mwanza ikafuata. Kwa mgonjwa wa kusini, mionzi imekuwa na maana ya Dar es Salaam.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja utaona kinachotokea. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kutoka Iringa ni karibu 500. Anayetoka Sumbawanga anaongeza zaidi ya 300 kabla hajafika Mbeya. Mama mwenye watoto wadogo na shamba la viazi hawezi kukaa Mbagala kwa shemeji mwezi mzima akipanda daladala kila asubuhi kwenda Ocean Road. Daktari wake anajua hivyo, naye mwenyewe anajua. Basi titi linaondolewa lote, hata pale ambapo lingeweza kubaki. Kwa maneno mengine, mahali pasipo na mionzi huzalisha wanawake wengi zaidi wanaohitaji kujengewa titi, na mahali hapo hapo ndipo pasipo na mtu wa kulijenga. Kwangu mimi huu ndio ukosefu wa haki ulio mzito kuliko wote katika jambo hili, na mashine ya mionzi karibu na nyumbani ingeokoa matiti mengi kuliko daktari yeyote wa kuyajenga.

Kiungo cha tatu ni mazungumzo. Mgonjwa wa saratani ana maswali mia, na daktari ana foleni inayofika nje ya mlango. Daktari asiyekuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa huona ni ukatili kumtajia kitu asichoweza kumpa. Naielewa huruma hiyo, lakini siikubali. Mwanamke asiyeambiwa hawezi kupanga. Pengine ana mtoto anayefanya kazi Dar, au kikundi cha VICOBA kilicho tayari kumchangia. Pengine angechagua kubaki bapa, lakini angechagua yeye. Kumweleza hakuhitaji hadubini wala chumba cha uangalizi maalumu.

Na kiungo cha nne ni sisi majirani. Mwanamke akisema anatamani kujengewa titi, huulizwa: «Umri huo, la nini? Shukuru Mungu umepona.» Shukrani kwa Mungu na hamu ya kuvaa gauni bila kuegemea upande mmoja vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Wapo walioachwa na waume baada ya operesheni. Wapo walioacha kwenda kanisani, au kuoga na wenzao mtoni, kwa kuogopa macho. Hatumwambii aliyekatwa mguu ashukuru kupona na aache kutafuta mguu bandia.

Jembe, kikapu cha chai na ndoo ya maji

Kuna jambo ambalo maelezo yaliyoandikwa kwa wanawake wa mijini ya Ulaya hayalipi uzito, na kwa mwanamke wa huku ndilo la kuuliza kwanza. Kila njia ya kutumia nyama ya mwili huacha deni mahali nyama ilipotoka.

Msuli wa mgongo unaochukuliwa ni ule mpana unaoshuka kutoka kwapani, unaosaidia kuvuta mkono chini na nyuma. Ni msuli wa jembe. Wanawake wengi huzoea bila huo, kwa kuwa misuli mingine huchukua kazi, lakini mwenye kulima matuta ya viazi Umalila au kubeba kikapu cha chai mgongoni kule Mufindi anafanya kazi inayoutegemea kuliko karani wa ofisini. Mbinu za zamani za tumboni huchukua sehemu ya msuli wa tumbo, na tumbo likidhoofika kuna hatari ya ngiri kwa anayeinua magunia na ndoo za lita 20. Mbinu mpya ya hadubini huuacha msuli huo, ndiyo maana inasifiwa, na ndiyo hiyo inayohitaji hospitali kubwa kuliko zote.

Mwambie daktari unafanya kazi gani kwa mikono yako. Atalipima hilo pamoja na mengine. Na kwa aliyetolewa tezi za kwapani, amejengewa au la, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Mazoezi ya bega baada ya upasuaji, kuvaa glavu shambani na kutibu mapema mikwaruzo ya mkono huo ni mambo ya kila siku, na hospitali zenye wataalamu wa fiziotherapia huwafundisha wagonjwa.

Yanayowezekana sasa

Kwa mwanamke anayesubiri upasuaji Mbeya, Iringa au Songea wiki hii, kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wa hospitali iliyo karibu naye. La kwanza ni namna kifua kitakavyofungwa. Kovu lililolazwa bapa, bila mikunjo ya ngozi inayoning'inia kwapani, hupunguza michubuko ya sidiria na humrahisishia kuvaa titi bandia. Inafaa kumwambia daktari mapema kwamba unalijali hilo, na kumuuliza kama unaweza kujengewa baadaye na ni lini.

La pili ni titi bandia la kuvaa nje. Yale ya silikoni ni ghali, lakini la kitambaa linaweza kushonwa na fundi cherehani: pamba safi laini ndani, umbo la kulingana na upande wa pili, na mfuko mdogo ulioshonewa ndani ya sidiria ili lisihame. Kwa mwenye titi kubwa upande uliobaki, lisiwe jepesi mno. Uzito unaokaribiana husaidia bega na mgongo visiegemee upande mmoja. Wiki za mwanzo, kovu likiwa bichi, livaliwe la pamba tupu lisilobana. Sijui kwa nini kila wodi ya upasuaji isiwe na mafundi wawili watatu wa kina mama inaoshirikiana nao. Gharama yake ni ndogo.

Kwa hospitali ya kanda yenyewe, mahali pa kuanzia si lazima pawe kwenye hadubini. Kipande cha mgongoni kinahitaji daktari aliyefunzwa na thieta nzuri ya kawaida. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, husomesha madaktari wa upasuaji wakiwa kazini katika hospitali za ukanda huu, na upasuaji rekebishi ni mojawapo ya fani zake. Kambi za madaktari bingwa tumezoea kuziona zikija mikoani. Bingwa wa upasuaji rekebishi akija kwa ratiba inayojulikana, akifanya kazi pamoja na madaktari wa Mbeya badala ya kuwafanyia, huacha ujuzi nyuma yake.

Na kwa mama aliyeondolewa titi miaka mitano au kumi iliyopita, akaambiwa yameisha: hukumu hiyo inaweza kufunguliwa tena. Daktari wa upasuaji rekebishi atataka kuona karatasi ya operesheni yako, majibu ya kinyama kutoka maabara, orodha ya dawa za kemo ulizopata, na kama ulipigwa mionzi, tarehe na upande. Zikusanye kwenye bahasha moja. Kama zimepotea, rudi masijala ya hospitali uliyotibiwa na namba ya faili au tarehe ya kulazwa, uombe nakala. Kisha omba barua ya rufaa, na kabla hujakata tiketi ya basi uwaulize watu wa bima yako, kwa maandishi, kama wanalipia ujenzi wa titi baada ya saratani. Barua yako iseme wazi «baada ya saratani», kwa sababu ombi lisilo na maneno hayo ni rahisi kuchukuliwa kuwa la urembo. Asiye na bima aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo ndiyo hupokea maombi ya msamaha wa gharama.